Kikombe cha Padri, Chupa ya Naivasha: Historia ya Divai Kibera na Kawangware

Divai ya kwanza kufika magharibi mwa Nairobi haikuletwa kwa ajili ya mnywaji. Ililetwa kwa ajili ya altare. Mwaka 1899, reli ya Mombasa ilipofika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa jiji, mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's juu ya kilima, mwendo mfupi tu kutoka mahali tunapopaita Kawangware leo. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya misa itokane na zabibu halisi, si matunda mengine, na zabibu hapakuwa nazo. Kwa hiyo kila tone lilisafiri kwa meli kutoka Ulaya, likapanda reli, likaishia katika kikombe cha padri.

Waumini waliiona, hawakuionja. Mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, mlei wa Kikatoliki alipokea mkate peke yake na divai ikabaki kwa padri. Wapresbiteri wa Skotlandi waliokuwa Thogoto, upande wa pili wa Dagoretti, walikuwa wakali zaidi: mwongofu wao alitakiwa kuacha pombe kabisa. Hivyo Mkikuyu wa Dagoretti aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 angeweza kusikia habari za divai kila Jumapili, tangu harusi ya Kana hadi karamu ya mwisho, na kuingia kaburini bila kujua ina ladha gani.

Lakini hakuwa mgeni wa vinywaji vinavyochachushwa kwa ustadi. Nyumbani kwao palikuwa na muratina. Asali au maji ya miwa yalitiwa katika kibuyu pamoja na matunda makavu ya mti wa muratina, yale marefu yanayoning'inia mtini, kisha kibuyu kikawekwa karibu na moto mpaka kichachuke. Matunda hayo hubeba hamira katika nyuzi zake, na mtengenezaji mzuri aliyatumia tena na tena kwa miaka. Muratina ilikuwa na wenyewe: wazee. Ilinywewa kwenye ruracio, yaani sherehe za mahari, kwenye baraza, na sehemu yake ikamwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Kijana hakuigusa bila ruhusa. Pombe iliyo na masharti, basi, haikuletwa na mkoloni. Alichokileta ni masharti ya rangi ya ngozi.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia kupeleka pombe kali katika eneo kubwa la Afrika ya kati na mashariki. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza zuio hilo. Juu ya hayo, serikali ya kikoloni iliweka sheria zake. Mzungu alikunywa alichotaka: whisky, bia, divai ya Bordeaux. Mwafrika aliruhusiwa pombe ya kienyeji tu, nayo kwa kibali, mahali palipotajwa na saa zilizopangwa. Mpishi aliyemiminia wageni divai nyekundu kwenye jumba la mlowezi angeweza kushtakiwa kwa kukutwa na chupa hiyohiyo mkononi, ikiwa si ya kupeleka mezani.

Katika hali hiyo ndipo Kibera ilipozaliwa. Tangu mwaka 1904 hivi, askari Wasudani wa King's African Rifles, waliopigana vita vya Waingereza toka Uganda hadi Somalia, walianza kupewa nafasi ya kuishi msituni kusini-magharibi mwa mji. Wakapaita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi ardhi hiyo, zaidi ya ekari 4,000, kuwa hifadhi ya kijeshi. Askari wengi hawakupewa pensheni. Ardhi ndiyo ilikuwa kiinua mgongo chao, ingawa hati hawakupewa. Walijenga nyumba, misikiti na bustani, na wake zao wakaendeleza mapishi waliyotoka nayo kaskazini: asida, gurusa, mchuzi wa bamia.

Kwa imani, Kibera ilikuwa makazi ya Waislamu, na kileo kwao ni haramu. Kwa uchumi, ikawa chimbuko la pombe kali iliyojulikana Nairobi nzima kama jini ya Wanubi. Kutonesha pombe kulihitaji chungu au pipa, bomba, maji baridi na moto. Kulihitaji pia faragha, na Kibera ya wakati huo ilikuwa na miti mingi na polisi wachache. Wanawake ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Wateja walikuwa vibarua, wapishi, makarani na askari, watu ambao sheria iliwafungia mlango wa duka la pombe. Zuio lilipunguza ushindani, na mwanamke mjane wa askari asiye na pensheni akapata njia ya kusomesha watoto na kuongeza vyumba vya kupangisha. Vita Kuu ya Pili ilipojaza Nairobi wanajeshi, biashara hiyo ilinawiri zaidi.

Wakubwa wa serikali walilalamika. Mwaka 1928 usimamizi wa Kibera ulitoka jeshini ukaingia mikononi mwa utawala wa kiraia, na tangu hapo mipango ya kuwahamisha Wanubi haikuisha, jini ikiwa mojawapo ya sababu zilizotajwa mara kwa mara. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyofanya kazi kati ya 1932 na 1934, iliwaona kuwa wapangaji kwa hisani ya serikali tu, ingawa ilikiri kwamba serikali ina wajibu kwao. Kitendawili hicho cha ardhi kiliishi muda mrefu kuliko himaya yenyewe: hati ya ekari 288 ilitolewa kwa jamii ya Wanubi mwaka 2017.

Baraza la mji nalo lilikuwa na jibu lake kwa kiu ya Mwafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 lilifungua ukumbi wa pombe Pumwani, kwa mfano wa mji wa Durban: manispaa inapika pombe, inauza peke yake, na faida inagharimia huduma za Waafrika. Mlevi akawa mlipakodi. Desemba 1922 kampuni iliyokuja kuwa Kenya Breweries ilipeleka bia yake ya kwanza katika hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na ndovu, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumbukumbu ya mnyama huyo. Bia hiyo, leo kinywaji cha kila baa ya Kenya, ilianza maisha yake Mwafrika akiwa haruhusiwi kuigusa. Mlango wa bia ya chupa ulifunguliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Wa pombe kali na divai ulifunguliwa katika miaka ya 1950.

Kufunguliwa mlango si kuingia. Kijakazi wa Lavington au mtunza bustani wa Kileleshwa hakuwa na mshahara wa kununua divai ya Ufaransa. Alirudi jioni Kawangware, ambayo wakati huo ilikuwa bado ardhi ya Wakikuyu nje ya mpaka wa mji. Wakati wa uhuru mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa, Dagoretti ikamezwa, na Kawangware ikawa mtaa wa jiji. Wenye mashamba walijenga vyumba vya mbao na mabati; wapangaji wakaja kwa wingi, wengi wao Waluhya kutoka magharibi. Nao walikuja na busaa: unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa, kisha ukachanganywa na kimea cha wimbi, na kinywaji kikanyonywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, watu wameketi duara. Kibera nayo ilipata wageni kwa kasi, Waluo na Waluhya wakafurika Kisumu Ndogo, Gatwekera, Lindi na Laini Saba. Jini ya Wanubi ikapata jina jipya lililoenea nchi nzima: chang'aa. Na muuzaji wake akaitwa mama pima.

Serikali huru ilichukua kiti kilekile cha msimamizi. Mwaka 1969 iliunda Kenya Wine Agencies Limited, maarufu kama KWAL, ili biashara ya kuingiza na kusambaza divai na pombe kali itoke mikononi mwa kampuni za kigeni. Kwa zaidi ya miaka 20 divai iliyotoka nje ilipita hapo. Fedha za kigeni zilikuwa za kubanwa, na zabibu za Kenya zilikuwa chache mno, kwa hiyo KWAL ikageukia tunda lililokuwepo. Divai yake ya papai ikawa ndiyo divai Wakenya wengi wa kawaida waliyoijua, kwenye harusi na Krismasi. Ilikuwa ya ndani na ya bei ya kufikika, lakini haikumfunza mtu chochote kuhusu divai nyekundu nzito. Papai halina lile ganda jeusi la zabibu, ambalo ndilo chanzo cha rangi na ukakasi.

Wakati huohuo jirani zetu wa Tanzania walikuwa wameshapita njia nyingine. Wamisionari Waitaliano walipanda mizabibu Dodoma, na tofauti na St. Austin's, ambako kahawa ndiyo iliyoshika, huko zabibu zilikubali ardhi kame. Magereza, serikali na wakulima wadogo wakaingia katika kilimo hicho, na aina ya Makutupora nyekundu ikawa ya mahali hapo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na divai yake imeingia masoko ya kawaida, hadi dukani kwa mtu wa mshahara mdogo.

Kenya ilibaki ikipigana na pombe ya maskini. Vilabu vya busaa vilipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1980 Sheria ya Kuzuia Chang'aa ikafanya utengenezaji na unywaji wake kuwa kosa. Matokeo yalikuwa yaleyale ya enzi ya ukoloni, ila mabaya zaidi. Chang'aa ilihamia gizani, ikapikwa kando ya mito michafu, na polisi wakawa washirika wa faida kwa njia ya hongo. Wapikaji wenye haraka wakaongeza methanoli. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kwa pombe ya sumu, wengine wakapofuka. Miaka kumi baadaye Bunge lilikubali kwamba marufuku imeshindwa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilihalalisha chang'aa iliyotengenezwa na kufungwa kwa viwango, na ikaweka saa za baa: kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi. Wananchi waliiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, mbunge aliyeileta.

Mututho alikuwa mbunge wa Naivasha, na huko Naivasha ndiko mizabibu ya Kenya ilikokuwa ikikua. Familia ya D'Olier ilikuwa imejaribu kando ya ziwa katika miaka ya 1980. Kisha kwenye shamba la Morendat, katika Bonde la Ufa, mizabibu ikapandwa tena na divai yake ikaingia madukani kwa jina la Leleshwa. Jina hilo ni la kichaka cha majani ya rangi ya kijivu, chenye harufu kali, ambacho Wamaasai hukitumia kwa manukato.

Kupanda zabibu karibu na Ikweta ni kubishana na mmea. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi. Naivasha hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huupogoa ili kuulazimisha kupumzika na kuanza msimu upya. Faida yake ni kimo. Shamba liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari: jua la mchana linaivisha ganda, baridi ya usiku inahifadhi uchachu. Zabibu aina ya Shiraz ikikomaa hivyo hutoa divai nyeusi yenye harufu ya matunda meusi na pilipili manga. Harufu hiyo ya pilipili si maneno ya wauzaji. Shiraz na pilipili manga zina kemikali ileile moja, na pua inaitambua katika vyote viwili.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sifa ya divai nyekundu nzito, na kwa nini watu wengi wa Kibera na Kawangware huionja mara ya kwanza wakakunja uso. Haina sukari. Ina kileo cha kutosha, kawaida asilimia 13 hadi 15. Na ina tanini, kitu kinachokausha ulimi na ufizi. Mtu aliyewahi kunywa strungi iliyokolea anaijua tanini. Na aliyewahi kutia maziwa katika strungi hiyo anajua dawa yake. Protini ya maziwa hushikana na tanini, ukakasi ukapungua, chai ikawa laini. Nyama hufanya kazi hiyohiyo kwa divai.

Na nyama ndiyo isiyokosekana magharibi mwa Nairobi. Machinjio ya Dagoretti hulisha sehemu kubwa ya jiji, na Kawangware iko jirani. Ndiyo maana jioni, kuanzia kituo cha matatu cha 46 hadi vichochoro vya ndani, moshi wa mutura hauishi. Mutura ni utumbo uliojazwa damu, nyama ya kusaga, vitunguu na viungo, ukachemshwa kisha ukachomwa. Una mafuta, chumvi na ladha ya chuma ya damu. Ukiupa divai tamu, utamu unashindana na damu na vyote viwili vinapoteza. Ukiupa Shiraz isiyo na sukari, mafuta yanalainisha tanini, chumvi inapunguza uchungu, na pilipili manga iliyo ndani ya divai inakutana na iliyo ndani ya mutura. Mbavu za mbuzi za kuchoma zinafanya vivyo hivyo, hasa zile zilizoungua kidogo pembeni. Mukimo na ugali hutuliza ulimi kati ya tonge na tonge, na kachumbari yenye ndimu huifanya divai ionekane laini zaidi.

Si kila chakula cha mitaa hii kinakubali. Omena, mbuta na mgongo wazi, vyakula vikuu vya majiko ya Kibera, havipatani na divai nyekundu nzito. Chuma kilichomo katika divai hukutana na mafuta ya samaki na kuacha ladha mbaya mdomoni. Pilipili nyingi nayo hugeuza kileo kuwa moto. Na chumba cha mabati saa nane mchana kina joto linaloivuruga divai yoyote. Chupa ikikaa kwenye karai la maji baridi kwa nusu saa kabla ya kufunguliwa, inarudi kwenye baridi yake ya karibu nyuzi 16 hadi 18. Ikishafunguliwa, imalizwe ndani ya siku tatu.

Lakini ukiingia katika duka la vileo la Kawangware au Kibera leo na kuulizia waini nyekundu, utakayopewa kwanza ni tamu: Caprice ya KWAL, au 4th Street ya Afrika Kusini. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, KWAL ilipoteza ukiritimba, na kuanzia 2014 kampuni ya Afrika Kusini ya Distell ilinunua hisa zake hatua kwa hatua mpaka ikawa mwenye kauli. Divai tamu ndiyo iliyofaa soko: bei yake nafuu, kileo chake kidogo, na mtu aliyezoea soda haimshtui. Wanawake vijana ambao hawakutaka kukaa kwa mama pima wala kwenye baa ya bia ya keg waliikaribisha, na ikawa kinywaji cha siku za kuzaliwa na vikao vya chama.

Wako wanaosema hiyo ni dalili kwamba watu wa mitaa ya chini hawajui divai, ulimi wao umezoea sukari. Historia haiwaungi mkono. Ulimi wa Kibera na Kawangware umelelewa na strungi, busaa chachu, muratina, mboga chungu kama managu, na damu iliyochomwa juu ya makaa. Ulimi huo uko karibu na divai kali kuliko ule wa mnywaji wa hotelini aliyeizoea kwa sababu ya jina lake. Kilichoamua nani anywe nini hakikuwa ulimi. Kilikuwa mkataba wa 1890, kibali cha manispaa, ukiritimba wa 1969, marufuku ya 1980, na sasa ushuru. Tangu mwisho wa 2024, ushuru wa divai Kenya unahesabiwa kwa wingi wa kileo kilichomo. Maana yake ni kwamba chupa ya Shiraz ya asilimia 14 inalipa ushuru karibu mara mbili ya chupa tamu ya asilimia 8 yenye ukubwa uleule. Serikali ina sababu za afya za kufanya hivyo, na baada ya maafa ya methanoli hakuna anayeweza kuzipuuza. Ila matokeo kwa ladha ni wazi: mwenye pesa kidogo anasukumwa tena kwenye sukari.

Kwa hiyo mtu wa Kawangware akinunua mutura wake kituoni na mwenzake akileta chupa ya Naivasha, wasiambiwe wanajaribu mambo ya wakubwa. Zabibu zimekua umbali wa chini ya kilomita 100, nyama imechinjwa mtaa wa pili, na uchungu wanaujua tangu utotoni. Kinachowatenganisha na divai hiyo ni bei, na bei hupangwa na watu wenye ofisi na majina. Hao ndio wa kuulizwa.